Waraka wa 1982: California ilipotaka kukata huduma za watu wenye ulemavu kwa barua ya ofisini

Mwaka 1982 mambo ya fedha California yalikuwa mabaya. Uchumi wa Marekani nzima ulikuwa umedorora. Miaka minne kabla ya hapo wananchi wa jimbo hilo walikuwa wamepiga kura kuibana kodi ya majengo, kura iliyojulikana kama Proposition 13, na tangu hapo serikali ya jimbo ilikuwa ikibeba mzigo wa kuziokoa serikali za mitaa zilizopoteza mapato. Kila idara ikaambiwa ifunge mkanda.

Idara ya Huduma za Ulemavu wa Ukuaji ilifunga mkanda kwa njia iliyoonekana rahisi. Iliandika waraka. Waraka ukaenda kwa vituo vya kanda, yaani yale mashirika 21 yasiyo ya kibiashara ambayo kwa mkataba na serikali huwatafutia na kuwalipia huduma watu wenye ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo, kifafa na usonji katika jimbo zima. Vituo viliagizwa kupunguza au kusitisha aina kadhaa za huduma ili matumizi yaingie ndani ya fungu lililotengwa. Haukuuliza ni nani atakayekosa huduma hiyo, wala itamletea madhara gani. Ulipanga huduma kwa makundi, ukakata.

Chama cha wazazi na watetezi wa watu wenye ulemavu wa akili, tawi la California, kiliishitaki idara. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo ilitoa hukumu mwaka 1985: idara haikuwa na mamlaka ya kutoa maagizo hayo. Ndiyo hukumu inayotajwa mpaka leo kila mzazi wa California anapokaa mbele ya mwamuzi kudai saa za mlezi au usafiri wa mwanawe. Mara nyingi inaelezwa kwa ufupi kwamba "mahakama ilisema huduma ni haki". Ni kweli, lakini ukiishia hapo unakuwa umeacha sehemu yenye faida kubwa zaidi kwa yeyote anayetunga au kutetea sheria ya namna hii popote alipo. Kiini cha hukumu ile ni swali la nani anaruhusiwa kusema "fedha hakuna", na anatakiwa akaseme wapi.

Sheria ilikotoka

Ili kuelewa kwa nini wazazi walikuwa tayari kupigana namna ile, lazima turudi kwenye hospitali za jimbo. Hadi katikati ya miaka ya 1960, mzazi wa California aliyejifungua mtoto mwenye ulemavu mzito wa akili alikuwa na njia mbili: akae naye nyumbani bila msaada wowote wa maana, au ampeleke kwenye taasisi kubwa ya serikali, Sonoma, Porterville, Agnews au Pacific State kule Pomona. Madaktari wengi waliwashauri wazazi wachague njia ya pili, tena mapema, kabla hawajamzoea mtoto. Taasisi hizo zilikuwa na watu zaidi ya 13,000, na nje kulikuwa na orodha ya kusubiri ya watu wapatao 3,000. Hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Wazazi 3,000 walikuwa wakisubiri kwa miaka nafasi katika mahali ambapo, kama wangekuwa na namna, wasingependa mtoto wao alale hata usiku mmoja.

Mwaka 1967 Niels Erik Bank-Mikkelsen, aliyekuwa akisimamia huduma za watu wenye ulemavu wa akili nchini Denmark, alitembezwa katika hospitali ya Sonoma. Alichokiona wodini kilimfanya aseme hadharani kwamba kwao hata ng'ombe haruhusiwi kutunzwa namna ile. Kauli yake iliwaudhi viongozi wa California, lakini wazazi walikuwa wakisema hayohayo kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Ilibidi mgeni aseme.

Wakati huo mbegu ilikuwa imeshapandwa. Mwaka 1965, chini ya Gavana Pat Brown, Bunge la jimbo lilipitisha muswada wa mbunge Jerome Waldie ulioanzisha vituo viwili vya majaribio. Kimoja kilikuwa katika hospitali ya watoto ya Los Angeles chini ya Dkt. Richard Koch, cha pili San Francisco chini ya chama cha wazazi chenyewe. Wazo lilikuwa jipya kabisa. Kabla ya hapo fedha za serikali zilifuata kitanda cha hospitali: usipolala pale, hupati kitu. Vituo hivi vilipewa ruhusa ya kununua huduma popote zilipo, iwe ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mlezi wa kumpokea mzazi kwa saa chache, au nyumba ndogo ya watu wachache mtaani. Fedha zilianza kumfuata mtu.

Mwaka 1969 Frank Lanterman alilichukua jaribio lile akaligeuza kuwa sheria ya jimbo zima. Lanterman alikuwa Mrepublican wa La Cañada, mhafidhina wa fedha, mtu ambaye ujanani alipiga kinanda katika kumbi za sinema. Hakuwa na mtoto. Aliyeitia saini sheria yake ni Gavana Ronald Reagan, mwanasiasa aliyejijengea jina kwa kupunguza matumizi ya serikali. Nalitaja hili kwa sababu leo huduma za watu wenye ulemavu huzungumzwa kama jambo la chama kimoja. California ilizipata kutoka kwa wahafidhina waliowasikiliza wazazi, na waliopiga hesabu pia: mtu mmoja kuishi hospitalini maisha yake yote ni gharama kubwa kuliko familia kusaidiwa nyumbani.

Sheria ilikua. Mwaka 1973 ilipanuliwa kuwachukua watu wenye mtindio wa ubongo, kifafa na usonji, pamoja na wale wenye hali zinazokaribiana na ulemavu wa akili. Baadaye katika muongo huo ikapewa jina inalobeba leo, Sheria ya Lanterman ya Huduma za Ulemavu wa Ukuaji, na mwaka 1978 ikapata idara yake yenyewe. Ndiyo idara iliyoandika waraka.

Karatasi inayobeba haki

Nguvu ya sheria hii haiko kwenye maneno makubwa ya utangulizi wake, ingawa yapo. Iko kwenye karatasi moja: mpango binafsi wa huduma.

Mpango huo unaandikwa kikaoni. Anakaa mtu mwenyewe mwenye ulemavu, mzazi au mlezi wake, na mratibu wa huduma kutoka kituo cha kanda. Familia ikitaka, anaweza kuwepo pia mwalimu, ndugu, jirani au mtetezi. Kinachojadiliwa kwanza ni malengo, kisha ndipo mahitaji. Kwa mfano, tuseme kijana wa miaka 19 mwenye mtindio wa ubongo anataka kwenda chuo cha mjini mwenyewe. Lengo linaandikwa hivyo hivyo. Chini yake inaandikwa huduma: mafunzo ya kupanda basi, saa kadhaa kwa wiki, nani atazitoa, kuanzia lini, na nani atalipa. Mpango hupitiwa upya angalau kila baada ya miaka mitatu, na familia inaweza kuomba kikao kabla ya hapo mambo yakibadilika.

Kuna kifungu kimoja kidogo ambacho mimi nakipenda sana. Mzazi asipokubaliana na sehemu ya mpango, anaweza kusaini zile sehemu anazokubali na kuandika kwamba hii nyingine anaipinga. Huduma zilizokubaliwa zinaanza. Kinachobishaniwa ndicho kinachosubiri. Bila kifungu hicho, ofisi ingeweza kumwambia mama saini chote au ukose chote, na mama aliyechoka husaini.

Kituo nacho kina masharti yake. Hakitoi fedha bila kuuliza. Kwanza kitatazama kama shule ya umma, bima ya afya ya serikali au mpango mwingine unawajibika kulipia huduma hiyo, kwa kuwa kituo ni mlipaji wa mwisho. Sheria inataka pia gharama ziwe za busara: kama watoa huduma wawili wanatimiza lengo sawasawa, kituo kinatakiwa kumchagua wa bei nafuu. Kwa hiyo kauli inayosikika mara nyingi kwamba Sheria ya Lanterman inampa kila mtu kila anachotaka si kweli, na haikuwa kweli 1982.

Hoja za pande mbili

Hoja ya serikali mahakamani haikuwa ya kipuuzi. Bunge lilitenga kiasi fulani cha fedha kwa mwaka ule wa bajeti. Idara ndiyo inayosimamia vituo na kuingia navyo mikataba. Kama fungu halitoshi, idara isimame tu na kuangalia vituo vikitumia hadi kasha liwe tupu miezi miwili kabla mwaka haujaisha? Si afadhali kupunguza kwa mpangilio, sawasawa jimbo zima, kuliko kuacha kila kituo kianguke kivyake?

Ukiisikiliza hoja hiyo kwa haki, unaona mvuto wake. Mkurugenzi wa idara anakabiliwa na sheria mbili zinazovutana: ya bajeti inayosema usizidishe hapa, na ya Lanterman inayosema mtu huyu apatiwe huduma zilizomo kwenye mpango wake. Maofisa wengi duniani, wakikwama katikati ya sheria mbili za namna hiyo, huchagua ile yenye tarakimu.

Majaji walianza upande mwingine kabisa. Waliuliza sheria imempa nani kazi gani. Walipoisoma kifungu kwa kifungu, waliona kwamba idara imepewa kazi ya kuhakikisha vituo vinaendeshwa kwa ulinganifu na bila ubadhirifu: mikataba, ukaguzi wa hesabu, taratibu za uendeshaji. Kazi ya kuamua mtu fulani apate huduma gani imewekwa mahali pengine, pale mezani, kwa njia ya mpango binafsi. Idara ilikuwa imeruka ukuta. Ilikuwa ikiamua, kutoka Sacramento, mji mkuu wa jimbo, kwamba huduma ya aina fulani haihitajiki, kwa watu ambao haijawahi kukaa nao.

Kisha wakatoa sentensi ambayo wanasheria wa California wanaijua kwa moyo. Kituo cha kanda kina uhuru mpana wa kuamua *jinsi* ya kuutekeleza mpango wa mtu, lakini hakina uhuru hata kidogo wa kuamua *kama* kitautekeleza. Lazima kiutekeleze. Mtu ana haki ya huduma zitakazomwezesha kuishi maisha ya kujitegemea zaidi na yenye manufaa katika jamii, na upande wa pili wa haki hiyo ni wajibu wa jimbo kuzitoa.

Na fedha zikiisha? Hapa ndipo hukumu ile inapostahili kusomwa polepole. Mahakama haikusema fedha zitashuka kutoka mbinguni. Ilionyesha kwamba sheria yenyewe ilishaona tatizo hilo likija na ikaweka njia. Idara inatakiwa kuliarifu Bunge kwamba matumizi yanaelekea kuzidi fungu. Bunge likishajua, lina mambo mawili linaloweza kufanya: liongeze fedha, au libadili sheria na kupunguza kile kinachoahidiwa. Yote mawili ni halali. Kisicho halali ni kupunguza ahadi bila kuibadili sheria, kwa barua kati ya ofisi na ofisi, huku vitabuni haki ikisomeka ileile.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana ya kiutaratibu tu, lakini kwa mzazi ina uzito mkubwa. Mbunge anayetaka kufuta huduma lazima ainue mkono, jina lake liandikwe, na wazazi wawepo ukumbini wakiwa na watoto wao. Ofisa anayeandika waraka hapigiwi kura. Hukumu ile iliuondoa uamuzi wa kukata kwenye meza isiyoonekana na kuuweka kwenye meza inayoonekana.

Wanaodhani jambo hili ni dogo wawatazame majirani. Katika majimbo mengi ya Marekani huduma za namna hii zinategemea mipango maalumu ya bima ya afya ya serikali iitwayo Medicaid, ambayo jimbo linaruhusiwa kuiwekea idadi ya nafasi. Nafasi zikijaa, unaingia kwenye orodha. Texas kuna watu wanaosubiri zaidi ya miaka kumi. Mtoto anaandikishwa akiwa chekechea, anaitwa akiwa na ndevu. California nayo inatumia fedha za Medicaid, lakini haki ya mtu chini ya Sheria ya Lanterman haisubiri nafasi ya Medicaid ipatikane. Leo vituo vile 21 vinahudumia watu zaidi ya 400,000, na aliyetimiza masharti haambiwi kwamba milango imefungwa mpaka mwenzake afe.

Kile ambacho hukumu haikuweza kukizuia

Sasa upande mchungu. Mahakama ilisema Bunge linaweza kubadili sheria. Bunge lilisikia.

Mwaka 2003 tafsiri ya ulemavu mkubwa ilikazwa. Mwombaji sasa lazima aonyeshe upungufu mkubwa katika maeneo matatu au zaidi kati ya saba ya maisha: kujihudumia mwili, lugha, kujifunza, kutembea, kujiongoza, kuishi bila kutegemea, na kujimudu kiuchumi. Waliokwisha kuingia hawakutolewa. Waliokuja nyuma yao walikuta mlango umekuwa mwembamba. Mtu mwenye usonji anayezungumza vizuri na aliyefaulu darasani, lakini asiyeweza kupanga siku yake wala kukaa kazini, anaweza kujikuta na maeneo mawili tu kwenye karatasi, na akarudishwa nyumbani.

Kisha likaja anguko la uchumi la 2008. Mwezi Julai 2009, katika sheria za kufuatishia bajeti, Bunge lilivizuia vituo kununua makundi mazima ya huduma: burudani na shughuli za kijamii, kambi za mapumziko, tiba kama za muziki na sanaa, na huduma za kielimu kwa watoto wa umri wa shule. Saa za kumpumzisha mlezi wa familia ziliwekewa kikomo cha saa 90 kwa kila miezi mitatu, na kutoka nje ya kikomo hicho kulihitaji kuomba ruhusa maalumu. Ukiitazama orodha hiyo, roho yake ni ya waraka wa 1982: makundi ya huduma, bila kumtazama mtu. Tofauti ni kwamba safari hii ilipita bungeni, kwa hiyo ilikuwa halali.

Saa 90 kwa miezi mitatu ni kama saa saba kwa wiki. Kwa mama anayelea mtoto asiyelala usiku, anayejipiga kichwa ukutani, anayehitaji kubadilishwa nguo akiwa na umri wa miaka 14, saa saba ni kwenda sokoni, kulala kidogo mchana mmoja, na kumsikiliza mtoto wake mwingine ambaye siku zote ndiye anayeambiwa asubiri. Kikomo hicho kilidumu hadi mwanzoni mwa 2018. Huduma za burudani na kambi zilirudishwa Julai 2021. Miaka 12. Aliyekuwa na miaka sita sheria ilipopita alikuwa mtu mzima iliporudi.

Lakini njia iliyoumiza zaidi, kwa maoni yangu, haikugusa kifungu chochote cha haki. Iligusa bei. Kituo cha kanda hakiajiri walezi, hununua huduma kutoka kwa mashirika na watu binafsi kwa viwango vinavyopangwa na serikali. Kuanzia 2003 viwango vingi viligandishwa, na baada ya 2009 vikakatwa kwa asilimia. Kodi za nyumba California zilipanda, mshahara wa kima cha chini ukapanda, na kiwango kikabaki palepale. Mashirika yalifunga nyumba ndogo na programu za mchana. Yaliyobaki yalishindwa kushika wafanyakazi: kazi ya kumvalisha, kumlisha na kumwelewa mtu asiyeongea ikawa inalipa sawa au pungufu kuliko kuuza vyakula vya haraka. Hapo mpango binafsi unaweza kusema saa 30 kwa wiki, umesainiwa na pande zote, hakuna anayebisha, na saa ishirini kati ya hizo hazina mtu wa kuzifanya. Utamshitaki nani? Kituo kitasema kimeidhinisha. Mtoa huduma atasema hana mfanyakazi. Haki ipo, notisi ya kukataa haipo, na bila notisi mzazi hana cha kukatia rufaa.

Hukumu ya 1985 haikuwa na jibu kwa hilo, na sidhani kama ingeweza kuwa nalo. Waliokuwa wakidai viwango vipandishwe walijaribu njia ya mahakama za shirikisho na wakashindwa. Kilichosogeza mambo ni wazazi, watoa huduma na watu wenye ulemavu wenyewe kwenda Sacramento mwaka baada ya mwaka. Bunge liliongeza fedha 2016, utafiti wa viwango ukakamilika 2019, na viwango vilivyopendekezwa vikaingizwa kwa awamu hadi awamu ya mwisho ilipoanza Januari 2025, baada ya kucheleweshwa kwa nusu mwaka kwa sababu, tena, ya bajeti.

Nani anaijua haki yake

Kuna jambo jingine ambalo mpango binafsi unalileta kwa umbo lake lenyewe. Ukiweka haki kwenye kikao, anayefaidi zaidi ni anayejua kuzungumza kikaoni. Mzazi mwenye kazi ya ofisini, anayesoma kanuni usiku na kuja na barua ya mtaalamu, hupata zaidi ya mzazi anayefanya kazi mbili na kuogopa kuonekana msumbufu. Takwimu za jimbo lenyewe zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wastani wa fedha zinazotumika kwa mtu wa jamii ya Kilatino uko chini ya ule wa Mzungu. Sehemu ya pengo inaelezwa na umri na mahali mtu anapoishi, lakini si pengo lote. Tangu 2012 kila kituo kinalazimika kuchapisha takwimu zake kwa kabila na lugha na kufanya mikutano ya wazi kuzijadili, na tangu 2016 zinatengwa fedha za kila mwaka, dola milioni 11, kwa ajili ya kupunguza tofauti hizo.

Hili linawahusu pia wasemaji wa Kiswahili. San Diego kuna familia za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Wasomali Wabantu ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani au ya pili. Wengi walitoka mahali ambapo mtoto mwenye kifafa au mtindio wa ubongo ni shauri la familia na Mungu, serikali haiulizwi. Mzazi wa namna hiyo akiambiwa na mratibu kwamba "hii hatutoi", atashukuru na kuondoka. Ni vema ajue mambo machache. Sheria inataka mpango binafsi uandikwe kwa lugha ya familia, kwa hiyo kuomba mkalimani na nakala ya Kiswahili si kujikweza. Kituo kikikataa, kikipunguza au kikisitisha huduma, kinapaswa kutoa notisi ya maandishi yenye sababu na kifungu cha sheria. Tangu Machi 2023 muda wa kukata rufaa ni siku 60, lakini anayeomba ndani ya siku 30 huendelea kupata huduma aliyokuwa nayo mpaka shauri liamuliwe. Shauri husikilizwa na jaji wa masuala ya kiutawala asiye mfanyakazi wa kituo, mzazi halipi ada, na shirika la Disability Rights California lina watetezi wa haki za wateja kwa kila kituo cha kanda.

Jambo la kwanza la kuuliza mtu anapoambiwa "siku hizi hatulipii kitu hicho" ni hili: ni sheria ipi iliyobadilika, na lini? Kama jibu ni sera ya ndani, bajeti ya kituo au agizo kutoka juu, basi hilo ndilo lililokataliwa 1985.

Hospitali na kambi

Taasisi kubwa zilifungwa moja baada ya nyingine. Makubaliano ya kesi ya Coffelt, Januari 1994, yaliitaka serikali kuwatoa watu 2,000 ndani ya miaka mitano. Agnews ilifungwa 2009. Ile ya Pomona, ambayo ilikuja kupewa jina la Lanterman mwenyewe, ilimtoa mkazi wake wa mwisho Desemba 2014 na ardhi yake ikakabidhiwa chuo kikuu jirani, Cal Poly Pomona. Sonoma, aliyotembezwa yule mgeni wa Denmark, ilifungwa mwishoni mwa 2018. Kimebaki kitengo chenye ulinzi Porterville na kituo kimoja kidogo.

Huduma za kambi na burudani zilizorudishwa 2021 zimeleta tatizo ambalo watunga bajeti wa 2009 hawakulihesabu. Kuifuta huduma kulichukua kura moja. Kuirudisha kulichukua kura moja pia, lakini kambi zilizokuwa zikipokea watoto wanaotumia viti vya magurudumu zilikuwa zimeshafunga au zimesahau kazi hiyo, walimu wa kuogelea waliozoea watoto wenye usonji walishaenda kwingine, na waratibu wengi wa vituo walikuwa wameajiriwa baada ya 2009, hawajawahi kuandika huduma hiyo kwenye mpango wa mtu yeyote. Familia zilipokuja kuomba, ziliambiwa zitafute mtoa huduma zenyewe, kisha zisubiri asajiliwe. Vituo bado vinajenga upya orodha zao, kambi moja moja.